Mayai ya Kobe Dume

Mashtaka yaliletwa na mke mkubwa, nayo yalikuwa mawili: kwamba mke mwenzake ni mchawi, na kwamba kobe dume wa mke mwenzake ametaga mayai.

Sajenti Gasper wa upelelezi aliyasikiliza akiwa amekaa barazani kwa Mwinshehe, Ujiji, kwenye kigoda alichopewa chini ya koti kuukuu la kaki lililotundikwa msumarini. Hakucheka. Mwaka mwingine angecheka mpaka machozi yamtoke, lakini Novemba ile ya 1997 watu wa Ujiji hawakuwa na hamu ya kucheka. Wanajeshi walikuwa wakiwakusanya wakimbizi waliokuwa wakiishi mitaani na kuwapeleka kambini. Lori la kwenda Lugufu lilikuwa limeegeshwa karibu na soko, likingoja asubuhi. Mke mdogo, Shukrani, alikuwa amevuka ziwa kutoka Baraka mwaka uliotangulia, na kitu pekee kilichomzuia asipande lori lile kilikuwa neno la balozi wa nyumba kumi.

Balozi mwenyewe, Mzee Bonaventura, alikuwa amesimama hapohapo na fimbo yake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sajenti, huyu binti nilimdhamini kwa sababu ameolewa. Mke wa mtu wa Ujiji ni mtu wa Ujiji, na wakubwa walinikubalia. Lakini mchawi simdhamini. Ukiniambia ni mchawi, kesho apande."

"Na nikikuambia siyo?"

"Akae na mumewe. Neno langu liko palepale."

Basi Gasper alikuwa na mchana mmoja wa kueleza vitu vilivyokuwa ndani ya banda la kobe. Aliinuka, akajipangusa vumbi jeupe lililomdondokea begani, akadhani ni chokaa ya ukuta.

Banda lilikuwa pembeni ya ua: matofali ya udongo yaliyopangwa kufikia goti, na ndani yake mchanga wa ziwani, laini, uliosawazishwa kwa mkono. Mke mkubwa, Mwavita, alitangulia. Alikuwa mwanamke wa Ujiji kindakindaki, mjukuu wa Wamanyema, na sabuni yake ya mawese ilikuwa ikigombaniwa sokoni. Alionyesha kwa kidole bila kukaribia.

"Tazama mwenyewe, afande. Kule pembeni mayai. Na huku, hii nyeupe nyeupe, ni dawa. Anaimwaga asubuhi, mchana imekauka, jioni ameimwaga nyingine. Mimi tumbo linaniuma tangu juzi. Nimwulize nani?"

"Dawa hii umemwona akiimwaga?"

"Nimeiona imemwagwa. Mchawi humwoni akiroga, unaona tu umeshaumwa."

"Kabla ya juzi tumbo lilikuwa linauma?"

Mwavita alimtazama kwa hasira. "Afande, mume wangu alikuwa mtu wa safari. Kalemie, Baraka, wiki huko, wiki hapa. Tangu arudi Kalemie mwezi uliopita hajagusa boti. Lile koti lake la safari halijatoka msumarini. Anashinda hapa anamlinda huyu kama yai. Kuna mtu timamu anafanya hivyo bila kurogwa?"

Hapo ndipo Gasper alipoelewa tumbo lilikuwa linaumwa nini. Wivu wa Mwavita haukuwa na siri, ulikuwa umekaa usoni wazi kabisa, na alimheshimu kidogo kwa hilo. Lakini wivu si ushahidi, wala hauthibitishi kwamba mtu anasema uongo.

Alimwita Shukrani. Alikuwa mwembamba, mikono yake ina harufu ya dagaa kwa sababu alikuwa akiwachuuza Kibirizi, na macho yake hayakutulia sehemu moja zaidi ya banda lile.

"Kobe ni wa nani?"

"Wangu, afande. Anaitwa Kapita. Nilikuya naye ndani ya kitunga, ku boti."

"Watu walikimbia na watoto na magodoro. Wewe ukakimbia na kobe?"

"Ni bwana yangu wa kwanza alinipa. Heritier. Alikufa mu maji, boti yao ilizama. Kapita ndiye alibaki."

Mume wao, Mwinshehe, alikuwa ameegemea nguzo ya baraza muda wote. Jina la Heritier lilipotajwa alitema mate kando, taratibu, kama mtu aliyeng'atwa na kitu mdomoni. Gasper aliliona hilo akaliweka akilini.

"Kweli huyu ni dume?"

"Ni dume. Tumbo lake limeingia ndani. Jike tumbo yake iko sawa."

Gasper hakuwa mtu wa kuamini tumbo la mtu kwa kuambiwa. Aliinama, akamshika kobe kwa mikono miwili na kumwinua hadi kifuani amgeuze. Kapita alirusha miguu hewani, kisha akamwachia yote aliyokuwa nayo. Kwanza yalikuja maji, kisha kitu cheupe, kizito kama uji wa muhogo, kikateremka kwenye mkono wa shati la Sajenti mpaka kiwikoni.

Mwavita aliruka nyuma. Balozi alijikohoza.

"Ni mukojo yake," Shukrani alisema upesi, akimpokea kobe. "Pole, afande. Ukimwinua anaogopa, anakutolea vyote. Mimi nimemzoea, namwinamia tu, simwinui. Hiyo nyeupe ikikauka inakuwa sawa chaki."

Gasper aliomba kigoda, akakaa juani na mkono wake ameunyoosha. Hakuna aliyethubutu kuuliza anafanya nini. Jua la Ujiji halikumchelewesha: ule uji ulikauka, ukawa doa jeupe lenye vumbi, na alipoukunja mkono, vumbi lilidondoka. Aliokota kipande cha "dawa" mchangani, akakisaga kwa vidole viwili, kisha akajikwangua kiwikoni na kusaga na hicho. Akamwita Balozi.

"Mzee, tofauti iko wapi?"

Bonaventura alitazama kwa muda mrefu, akanusa, akajuta kunusa. "Hakuna tofauti."

"Kwa hiyo dawa ni mkojo wa kobe. Hilo moja tumelimaliza."

"Na mayai?" Mwavita aliuliza. "Nayo ni mkojo?"

Mayai yalikuwa yamekusanyika kwenye pembe moja tu ya banda, meupe yenye kijivu kwa juu, nusu yamezama mchangani. Gasper aligusa moja. Halikuwa gumu. Lilibonyea kidogo na kurudi. Alilichomoa, likatoka na vijinyuzi vyeupe chini yake, akaomba wembe. Mwavita alileta wembe lakini akauweka juu ya tofali badala ya kumpa mkononi.

Alilipasua katikati mbele ya wote. Ndani hakukuwa na kiini wala ute. Kulikuwa na mwavuli mdogo umejikunja, una kikonyo chake na kofia yake, umefunikwa na ngozi kama mtoto ndani ya mfuko wa uzazi.

Wa kwanza kusema alikuwa Mwavita mwenyewe, na ilionekana wazi kwamba neno lile lilimtoka bila kupenda.

"Uyoga."

"Uyoga," alisema Gasper. "Sokoni mnauona umeshafunguka, ndiyo maana hapa hamkuujua. Kesho asubuhi haya yote yangekuwa yamechanua, na wewe ungeyapika."

Mzee Bonaventura alicheka kwa mara ya kwanza siku ile na kuishika fimbo yake vizuri, tayari kuondoka. "Basi yamekwisha. Uchawi hakuna, binti anabaki."

"Yamekwisha," Mwinshehe alisema kutoka barazani. Alikuwa amesimama wima sasa. "Asante sana, Sajenti. Mtu ayang'oe hayo, ayatupe, watu wale chakula."

Pale Gasper alikuwa amekwisha kuinuka, na pengine angeondoka. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera. Mchanga wa ziwani ni mchanga mtupu, umeoshwa na mawimbi, hauna cha kumlisha uyoga. Na banda zima lilikuwa na mchanga uleule, lakini uyoga umeota pembe moja tu, sehemu ya ukubwa wa sinia.

"Naomba jembe," alisema.

"La nini tena?" Mwinshehe aliteremka barazani. "Umesema ni uyoga."

"Uyoga unakula nini huko chini?"

"Sajenti, ni banda la mnyama. Utachimba mavi. Yaondolewe hayo mayai tu, asichimbe mtu."

"Wewe ndiye unayelisafisha?"

"Mimi? Mimi mnyama huyo sijamgusa tangu aingie humu. Namwogopa, waulize wote."

"Kweli," Mwavita alisema. "Hata kumtazama hapendi."

Gasper aliyahamishia mayai kando pamoja na mchanga wake, akachimba mwenyewe. Mchanga uliondoka kirahisi, na chini yake yakatokea mashada matupu ya chikichi, yale yanayobaki baada ya tunda kupukutishwa, yamelowana na mvua, meusi, yameoza nusu, yamefungamana kwa nyuzi nyeupe za uyoga. Yalikuwa yameshindiliwa ndani ya shimo.

"Mashada yangu," Mwavita alisema, na sauti yake ikapanda. "Nilisema yamepungua. Nilisema humu ndani kuna mwizi."

"Ni yako?"

"Mimi ndiye ninayeyaleta kutoka Simbo. Nayachoma, majivu yake ndiyo naungia sabuni. Nani mwingine ana mashada humu?"

Gasper alimgeukia kabisa. Hili alikuwa amelingojea. "Mashada yako. Mashtaka yako. Tumbo lako. Bi Mwavita, umezika nini humu ili mwenzako apandishwe lori?"

Mwavita alijibu huku mikono ikiwa kiunoni. "Afande, mimi simpendi huyu. Sijaficha. Akiondoka kesho nitalala vizuri. Lakini kuzika kitu kwa mashada yangu ya sabuni? Ningezika kwa mawe. Mawe yamejaa."

Gasper aliiona maana ya jibu lile kabla hajamaliza kulisikia. Mtengeneza sabuni hatupi mashada shimoni. Alimwuliza Shukrani: "Na wewe? Yanafanya kazi gani haya?"

"Ni mimi ninayachomaka kila Alhamisi, pamoja na dada. Ukimwaga shada moja, dada anakusema mpaka usiku."

Kwa hiyo aliyejaza shimo lile hakujua mashada yana kazi gani. Aliyaona yamerundikwa nyuma ya jiko, akadhani ni takataka. Katika nyumba ile yenye watu watatu, wawili walijua.

Gasper hakusema hayo. Aliendelea kuchimba mpaka jembe likagusa kitu kilichotoa sauti kavu. Akapiga magoti. Kilikuwa kifurushi kidogo cha nailoni nene, kimezungushiwa uzi wa nyavu na kufungwa fundo lile ambalo watu wa boti hulifunga wanapotaka maji yasiingie. Alilikata kwa wembe. Ndani yake kulikuwa na kaseti moja.

"Shukrani, kuna siku ulikuta mtu amemtoa Kapita humu?"

Alifikiri. "Mwezi uliopita. Nilirudi toka Kibirizi, nikamukuta jikoni, wamemufunika na kitunga. Nikadhani ni dada."

"Si mimi," alisema Mwavita. "Mimi nimguse kwa lipi?"

Gasper alivuka ua hadi barazani, akalitoa lile koti la kaki msumarini na kulileta juani. Kwenye mkono wa kulia, hadi kiwikoni, palikuwa na doa jeupe, kavu, lenye vumbi. Alilikwangua kwa kucha, likadondoka. Kisha akaweka mkono wake wa shati ubavuni mwa mkono wa koti. Madoa yalifuata njia ileile, kutoka kifuani kuteremka hadi kiwikoni, kama inavyokuwa mtu akimbeba kobe aliyeogopa.

"Bwana Mwinshehe, mnyama ambaye hujawahi kumgusa amekukojolea lini?"

Mwinshehe alilitazama koti, halafu akakaa chini palepale mchangani, mtu mzima mwenye kanzu safi. Alipoanza kusema hakumtazama Sajenti wala wake zake, alikitazama kile kifurushi.

"Kalemie, bandarini. Kijana mmoja alikuja akaniuliza, wewe ni wa Ujiji? Nikasema ndiyo. Tulikuwa tumeshang'oa nanga, akanirushia hicho. Akasema kuna mwanamke anaitwa Shukrani, utamjua kwa kobe. Nimeshadaka ndipo nikaelewa nimedaka nini."

Shukrani aliuweka mkono mdomoni.

"Kwa nini hukukitupa ziwani?" Gasper aliuliza. "Safari nzima hiyo."

"Mzigo uliokabidhiwa juu ya maji haurudishwi majini, Sajenti. Kila nahodha wa ziwa hili anajua. Ukiutupa, safari inayofuata ziwa linakuchukua wewe. Na kuuchoma, Bi Mkubwa angenusa plastiki. Nikasema nitauzika kwa mnyama, hakuna mwanamke atakayechimba pale."

"Ndiyo maana huendi tena safari."

"Sijaufikisha. Nitapandaje boti na mzigo wa mtu haujafika?"

Mwavita alikuwa amefungua mdomo. Mwezi mzima alikuwa akikesha kwa wivu, akiamini mume amekaa nyumbani kwa mapenzi ya mke mdogo, kumbe nusu yake ilikuwa woga wa maji. Alikaa kwenye tofali la banda, akasahau kwamba alikuwa hataki hata kulikaribia.

"Uliisikiliza?" Gasper aliuliza.

"Nilijifungia chumbani na redio. Kila siku, mpaka betri zikaisha." Mwinshehe alichota mchanga kwa kiganja. "Nilitaka kujua kama anampenda kunishinda mimi. Mtu niliyeambiwa amekufa. Nilikuwa naona wivu kwa maiti, nikawa naona wivu kwa kobe wake, halafu siku ile nikasikia sauti yake. Nilichukia mpaka nikaumwa."

Redio ililetwa. Gasper alitoa betri kwenye tochi yake, akaziweka. Mkanda ulikwaruza, ukavuma kama mvua kwenye bati, kisha ikasikika sauti ya mwanamume kijana, karibu sana na kipaza sauti.

"Shukrani, ni miye, Heritier. Balisema nilikufa mu maji. Sikufa, nilitupwa ku Kalemie, mguu ulivunjika. Sasa natembea. Nitavuka, nitaenda mu kambi ya Lugufu, banasema ni kule watu wetu wanapelekwa. Kama uko mzima, unifuate kule. Kama umeolewa, sitakasirika, nitumie salamu tu nijue. Na Kapita? Angali anakojolea watu?"

Mkanda uliendelea kuvuma bila maneno. Shukrani hakulia. Alinyoosha mkono, akaizima redio yeye mwenyewe, akaichomoa kaseti na kuifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Mzee Bonaventura alisema kwa upole: "Binti, neno langu bado lipo. Hapa hakuna uchawi. Hakuna atakayekupandisha lori."

"Ndiyo, Mzee. Aksanti," alisema Shukrani. "Wanaondoka saa ngapi?"

Mwinshehe alimfuata Gasper hadi barabarani na kumshika mkono uleule wenye doa.

"Sajenti, mfungulie kesi."

"Kesi ipi?"

"Ya uchawi. Ile ya Mwavita. Mshike, mpeleke kituoni, mweke ndani mwezi, mweke ndani mwaka. Nitamletea chakula mwenyewe kila siku."

"Umesikia mwenyewe kwamba ni uyoga."

"Najua ni uyoga. Nakuomba uandike mayai."

Gasper aliuondoa mkono ule taratibu. Alikuwa amewahi kuombwa mengi na waume wenye wivu, wengi wakitaka wake zao wafukuzwe. Huyu alitaka wake afungwe, apate kuwa naye karibu. Alimwonea huruma na kumchukia kwa wakati mmoja, akamwambia aende kuoga.

Asubuhi lori lilikuwa limejaa karibu na soko: magodoro, sufuria, watu waliosukumwa na wachache waliokuja wenyewe. Gasper alifika mapema asije mtu akasema Shukrani amekosea kitu. Uyoga ulikuwa umechanua usiku, kama alivyosema. Mwavita alikuwa ameuchuma wote, ameupika kwa mawese, akamfungia Shukrani kwenye bakuli la plastiki. Alimkabidhi bila kumtazama.

"Ule njiani," alisema. "Na bakuli si lazima ulirudishe."

"Aksanti, dada."

Shukrani alipanda na kifurushi chake, watu wakamsogezea nafasi. Kapita alikuwa bado chini, karibu na gurudumu, akitafuna jani la kabichi lililoanguka sokoni. Dereva akawasha mashine. Gasper alipiga hatua kumfuata kobe, lakini mtu mwingine alimtangulia.

Mwinshehe alikuwa amevaa kanzu nyeupe, iliyopigwa pasi, ile ya Ijumaa. Aliinama, akamshika kobe kwa mikono miwili, akamwinua juu ya kifua na juu zaidi hadi kwenye ukingo wa lori. Shukrani aliinama kumpokea. Kapita alirusha miguu, akafanya kile alichokuwa akimfanyia kila mtu.

"Mzigo umefika," Mwinshehe alisema.

"Umefika," Shukrani alijibu.

Lori liliondoka kuifuata barabara ya Kidahwe. Mwavita alisogea, akaliangalia lile doa lililokuwa likiteremka kwenye kanzu ya mumewe mpaka kiwikoni, akanyoosha mkono.

"Ivue nikafue kabla haijakauka."

"Iache," Mwinshehe alisema. "Iache ikauke."